Wenye siliaki mnaongea na nani? Mwenzenu nimechoka kuwa peke yangu

Kimya_Kingi:

Habari zenu wadau. Mnivumilie maana itakuwa ndefu na sijazoea kuandika mambo yangu mbele za watu.

Nina siliaki. Sio mzio wa ngano wala sio tumbo kujaa gesi tu, ni ile yenyewe, kinga ya mwili inaushambulia utumbo nikila gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Damu ilipimwa kingamwili (protini za kinga ya mwili) zikakutwa juu, wakapitisha kamera mpaka kwenye utumbo mwembamba wakanyofoa vinyama vidogo wakapeleka maabara, jibu likarudi kwamba vile vijinyoya vya utumbo vinavyofyonza chakula vimelala. Kabla ya hapo nimetibiwa upungufu wa damu miaka na miaka, vidonge vya madini ya chuma namaliza kopo naanza lingine na damu haipandi, kumbe nilikuwa nameza tu, utumbo haufyonzi.

Daktari alinieleza vizuri, acha ngano, shayiri na rai (nafaka ya jamii ya ngano) maisha yako yote, karatasi hii hapa, tuonane baada ya miezi sita. Na kwa upande wa mwili sina malalamiko, nguvu zimerudi, kingamwili zinashuka kila nikipima. Shida yangu ni huku kwingine ambako hakuna kipimo.

Yaani nimekuwa mtu wa kukwepa. Nikialikwa mahali nasema nina kazi. Kazini wakiagiza chakula nashuka chini najifanya napiga simu. Ndugu zangu wananipenda lakini kila tukikaa mezani lazima mmoja aseme kula kidogo tu hakidhuru, mwingine anasema siku hizi kila mtu kajiokotea ugonjwa mtandaoni, shangazi yangu yeye anaomba Mungu nipone ili nile keki yake. Nikieleza naonekana nadeka, nikinyamaza naonekana naringa. Na simjui mtu hata mmoja ana kwa ana mwenye huu ugonjwa, HATA MMOJA, halafu wanasema duniani ni karibu mtu 1 katika kila 100, sasa hao wengine wako wapi jamani?

Mtaalamu wa lishe kanishauri nitafute kikundi cha wagonjwa wenzangu tuwe tunashikana mkono. Nasitasita. Kuna kimoja cha kwenye simu niliingia nikakuta watu wanalia, wanauziana unga na wanagombana kuhusu oti (ile nafaka ya uji, oats). Kwa hiyo nauliza kwa nia njema kabisa, hivi vikundi vimewasaidia kweli au ni mahali pa kuongezeana hofu? Kama vimesaidia, vilifanya nini hasa? Na wewe usiye na kikundi unaongea na nani?

Halafu vidogo viwili: oti zinaliwa au haziliwi? Na mdogo wangu apimwe hata kama hajisikii chochote?

---

MamaK_BilaNgano:

Pole sana mdogo wangu, na karibu kwenye chama ambacho hakuna aliyejaza fomu ya kujiunga 😅

Hao wengine unaouliza wako wapi, wengi wako mtaani na hawajui kama wanao. Wengine wanatibiwa damu kama ulivyotibiwa wewe, wengine mifupa, wengine mimba zinaharibika hakuna anayejua sababu, wengine wana upele unaowasha kwenye viwiko na magoti wanapakwa mafuta kila aina, na kumbe ule upele nao ni siliaki iliyotokea kwenye ngozi. Kwa hiyo usijione uko peke yako kihesabu, uko peke yako kwa kuwa wewe umepata jina la ugonjwa wako na wao bado.

Sasa kuhusu kikundi. Mimi kikundi kikubwa hakijanisaidia sana, nasema ukweli. Kilichonisaidia ni MTU MMOJA niliyempata kupitia kikundi. Kwetu kila mgeni anapewa mwenyeji wake, mtu aliyeishi na hii hali muda mrefu, vipimo vyake vimetulia na kichwa chake kimetulia pia (hili la pili ni muhimu kuliko la kwanza). Anakupigia simu mara moja kwa wiki miezi ya mwanzo, basi. Haleti dawa, hatafsiri majibu yako ya maabara. Mwenyeji wangu siku ya kwanza aliniambia washa kamera tuingie jikoni, akaanza kuniuliza hii tosta ni ya nani, hili chujio la tambi mnalitumia wote, huu mwiko wa mbao una umri gani, hebu fungua hilo kopo la siagi. Nikafungua, siagi imejaa chembe za mkate maana kila mtu anachovya kisu kilichotoka kwenye mkate wake. Daktari aliniambia niache ngano na nikaacha kweli, ila hakuna daktari duniani atakayekuja kuchungulia siagi yako. Na wala simlaumu, hiyo kazi ni yetu sisi tunaoishi nayo.

Vingine alivyonionyesha ni sosi ya soya (nyingi zimetengenezwa kwa ngano), kimea cha shayiri kinachojificha kwenye nafaka za asubuhi na vinywaji, mafuta yaliyokaangiwa vitu vya unga halafu viazi vyako vinatumbukizwa humo humo, semolina (nayo ni ngano iliyosagwa), spelti ambayo watu wanauziwa kama sio ngano na ni ngano kabisa. Na unga wa ngano ukipepetwa jikoni unaelea hewani ukitua unatua kwenye sahani yako, kwa hiyo siku ya keki ya shangazi wewe kaa sebuleni.

La pili alinifundisha kusema. Unacheka lakini tulifanya mazoezi kama watoto wa shule. Mimi nilikuwa naeleza mpaka utumbo unavyofanya kazi, watu wanachoka wananionea huruma. Akaniambia sema hivi: "Nina ugonjwa wa kinga ya mwili, ngano inaharibu utumbo wangu hata nikila chembe. Changu nimebeba, nimekuja kukaa na nyie." Nukta. Usiongeze. Ukiongeza tu unafungua mjadala, na kwenye mjadala wa chakula ndugu hawashindwi. Hayo maneno ya mwisho ya nimekuja kukaa na nyie ndo yanabeba kila kitu maana wengi wanaokulazimisha kula wanaogopa kwamba umewakataa WAO.

Oti: zenyewe hazina gluteni ya ngano ila zile za kawaida zinachanganyika na ngano na shayiri kuanzia shambani mpaka kinuni, kwa hiyo ni zile zilizothibitishwa tu hazijachanganyika. Hata hizo kuna wachache kati yetu zinawasumbua, wana shida na protini yake inaitwa avenini. Subiri kingamwili zishuke vizuri kwanza, uliza daktari wako, anza kidogo kidogo. Ndo maana wanagombana huko kwenye simu, kila mtu anasema la tumbo lake.

---

Punje_Moja:

Wa "kidogo tu hakidhuru" mimi nina dawa yao, ni hesabu. Kipande kimoja cha mkate kina gluteni gramu 2 mpaka 4 hivi, yaani miligramu elfu mbili mpaka elfu nne. Utafiti wa Waitaliano uliotoka 2007 ulionyesha miligramu 50 tu kwa siku kwa miezi 3 zinatosha kuanza kuumiza utumbo wa mgonjwa. 50! Na kiwango ambacho watafiti wengi wanaona ni salama ni chini ya 10 kwa siku. Sasa mwambie mjomba hata akikigawa kipande chake cha mkate mara mia akakupa sehemu moja, bado imezidi hiyo 10.

Hata ile lebo ya "haina gluteni" haina maana ya sifuri, ni chini ya miligramu 20 kwa kilo moja ya chakula, na ndo hicho kiwango wanachotumia Ulaya na Marekani. Nilipojua hivyo mwanzoni niliogopa, baadaye ikanituliza, maana nikajua kuna mstari na kuna watu wanaupima, sio kwamba naokoka kwa bahati kila siku.

---

Asilia_Tiba77:

Nyie mnajitesa bure. Kuna vidonge vya enzaimu unameza kabla ya kula vinasaga gluteni yote tumboni, mimi natumia na nakula kila kitu siumwi hata mafua. Anayetaka aje inboksi.

---

Kingamwili_Juu:

Mkuu Asilia hapana. Hapana kabisa. Na usipeleke watu inboksi kwako.

Hakuna dawa iliyoidhinishwa popote ya kumfanya mwenye siliaki ale ngano. Zinatafitiwa, ni kweli, na enzaimu ni mojawapo ya zinazotafitiwa, lakini hivyo vya kuuzwa kwa kopo vinauzwa kama virutubisho na hakuna aliyethibitisha vinamlinda mgonjwa. Wewe huumwi, sawa. Mimi pia sikuwahi kuumwa! Sina kuhara, sina gesi, uzito wa kawaida, nacheza mpira. Dada yangu alipogundulika tukaambiwa ndugu wa damu wote tupime, nikaenda kumfurahisha tu mama, majibu yakatoka kingamwili zimepita kiwango mara kumi na vijinyoya vimekwisha. Kwa hiyo kutoumwa sio kipimo. Ugonjwa huu unaweza kula mifupa yako na damu yako huku wewe unajisifu.

Kimya_Kingi hapo ndo jibu la mdogo wako. Apime. Kwa ndugu wa tumbo moja, wazazi na watoto, uwezekano ni kama watu 7 mpaka 10 katika kila 100, wakati kwa watu wa kawaida ni 1. Na kuna kipimo cha vinasaba, HLA-DQ2 na DQ8, ambacho kina faida ya ajabu kidogo: ukiwa navyo haikuambii kitu kikubwa kwa sababu karibu theluthi ya watu wote wanavyo na wengi hawaugui, ila ukiwa huna hata kimoja karibu hakika siliaki sio yako, unaishi zako kwa amani.

Na hao wanaosema ugonjwa wa mtandaoni, waambie daktari wa Kigiriki Aretaeus aliuandika karibu miaka 1,900 iliyopita, intaneti ilikuwa bado haijafungwa mtaani kwao. Samuel Gee wa London akaueleza vizuri mwaka 1888, akasema kama mgonjwa atapona basi ni kwa njia ya chakula, ila hakujua chakula gani. Aliyekuja kujua ni daktari wa watoto Mholanzi, Willem Dicke. Alishaanza kuishuku ngano kabla ya vita, halafu ikaja ile njaa kali ya Uholanzi ya majira ya baridi ya 1944 kuamkia 1945, mkate ukakosekana, watu wanakufa njaa, na watoto wake wa siliaki wakawa wanapata nafuu. Mkate uliporudi wakarudi kuumwa. Akaandika tasnifu yake 1950. Mimi hiki kisa nakipenda kuliko maelezo yote ya kisayansi kwa sababu ukimsimulia mtu mezani ananyamaza na kusikiliza, haoni kama unamhubiria.

Wanaosema ni ugonjwa wa wazungu nao, kiwango kikubwa kabisa kuwahi kuripotiwa ni kwa watoto wa Wasaharawi, watu wa Sahara Magharibi huku huku Afrika, zaidi ya 5 katika kila 100. Jangwani huko. Maliza.

---

Nimejitoa:

Naomba niwe mpinzani kidogo.

Mimi nilikuwa kwenye kikundi, kikundi kizuri tu cha watu wazuri, hakuna anayeuza unga. Nikajitoa na afya yangu ya akili ikawa afadhali. Kwa nini? Kwa sababu kila asubuhi unaamka unakuta mtu ameandika jana nimeshikwa (yaani gluteni imempata akaumwa), nadhani ni shampuu. Mwingine nadhani ni gundi ya bahasha. Mwingine ameacha kwenda kwa kinyozi. Na wewe ulikuwa umelala vizuri hujawahi kuwaza kuhusu bahasha maishani mwako sasa unaanza kuwaza bahasha. Gluteni haipenyi kwenye ngozi jamani, lazima imezwe ifike utumboni, shampuu haina habari na wewe labda kama unaikunywa. Lakini kwenye kikundi anayetuliza hapati majibu, anayetisha anapata majibu 60.

Nilifika hatua nikawa naogopa chakula kuliko nilivyoogopa ugonjwa. Tulikuwa tunasifiana kwa kujinyima. Fulani hajala nje miaka mitano, hongera dada, makopakopa kibao ❤️❤️. Mtu hajala nje miaka mitano unampa pole, humpi hongera!

Sasa hivi naongea na nani? Rafiki yangu mwenye kisukari. Hana siliaki wala nini ila anajua maana ya kukaa mezani ukiwa unapiga hesabu kichwani huku wenzio wanacheka, anajua maana ya kuambiwa leo jisahau kidogo. Tukienda kwenye shughuli tunakaa pamoja. Hatuzungumzii magonjwa kabisa, na nadhani ndo maana inafanya kazi.

Sisemi usiingie. Nasema ingia na mlango uujue ulipo.

---

MamaK_BilaNgano:

@Nimejitoa umesema kweli na sitakubishia kwa ajili ya kubisha. Hilo la kusifiana kwa kujinyima limeniingia, nalijua, nimeliona.

Ila nadhani ulichokimbia sio wagonjwa wenzio, ulikimbia kikundi kisicho na mwenyewe. Kwetu tulikuja kuweka utaratibu baada ya mambo kuharibika. Ukisema umeshikwa lazima useme ulikula nini na wapi, hatupokei "nadhani". Habari za vipodozi zina siku yake moja na anayejibu ni mtaalamu wa lishe tuliyemuomba. Kutoa namba za kingamwili zako ili watu washindane ni marufuku, maana maabara zinatofautiana vipimo na mtu anakesha analia kwa sababu mwenzake kashuka haraka. Na ukiuza kitu unatolewa siku hiyo hiyo, hata kama ni keki nzuri namna gani (aliwahi kutolewa dada mmoja keki zake nazitamani mpaka leo).

Lakini kikubwa ni hiki. Mkikutana kwa macho sauti zinashuka. Kwenye simu watu wanaandika wakiwa wameshikwa, wamejikunja kitandani saa nane usiku, lazima iwe ya kutisha. Mkikaa meza moja mnakula chakula ambacho HAKUNA anayekikagua, unamwona mtu mwenye miaka ishirini na huu ugonjwa ananenepa na anasimulia umbea, basi unajua itawezekana. Mimi hilo ndo lilinitoa machozi, kuchukua kitu kwenye sinia bila kuuliza. Nilikuwa nimesahau kwamba huwa hatuulizi.

---

Mume_wa_Mgonjwa:

Samahani mimi sina siliaki, mke wangu ndo anayo, ila naona hapa hakuna anayetusemea sisi.

Miaka ya kwanza nilikuwa ndo huyo ndugu wa kidogo tu. Sio kwa ubaya. Nilikuwa naona mke wangu kabadilika, hatoki, nikawa nadhani nikimrudisha kwenye chakula nimemrudisha yeye. Kilichonibadilisha sio daktari wala yeye mwenyewe kunieleza, ni mume mwenzangu kwenye kikundi chao tuliyekaa pembeni tukaongea mambo ya kawaida halafu akasema tu yeye nyumbani kwake walishaamua jiko lote halina ngano, mkate wake anakula kazini, na ugomvi wa nyumbani umepungua nusu. Nikarudi nikapendekeza mimi. Mke wangu alinitazama kama nimepiga bahati nasibu.

Sio kila nyumba inaweza, najua, vitu vya bila gluteni vinauzwa ghali kuliko vya kawaida. Lakini wali ni wali, viazi ni viazi, mayai, nyama, maharage, matunda, hivyo vyote havina gluteni toka viumbwe na havihitaji lebo ya mtu, ukivinunua vikiwa havijasindikwa na havijachanganywa na kitu. Tukaacha kununua biskuti maalum zinazofanana na udongo tukawa tunapika.

Na kwa vijana mnaoona aibu kuuliza, ndiyo, busu nalo linahusika, chembe za mkate mdomoni ni chembe za mkate. Piga mswaki kwanza au sukutua na unywe maji. Mimi nimeshazoea, mswaki wangu uko kwenye begi la kazini.

Kwa hiyo Kimya_Kingi kama kikundi chochote kinaruhusu, nenda na huyo shangazi. Usiende peke yako. Shangazi akikutana na shangazi mwingine mwenye mgonjwa nyumbani watamaliza wao kwa wao, wewe huhitaji kusema neno.

---

Punje_Moja:

Hahaha kongamano la mashangazi. Naunga mkono.

---

Kimya_Kingi:

Nimesoma zote, zingine mara mbili. Asanteni sana, na @Nimejitoa asante kwa namna ya pekee maana ulichoandika ndo hofu yangu yenyewe nilishindwa kuiweka kwenye maneno, na ajabu umenifanya nitake kujaribu, ila kikundi kidogo na cha kukutana kwa macho.

Jana nilijaribu ile sentensi ya MamaK kwenye mkusanyiko wa nyumbani. Sentensi mbili za kwanza zilitoka vizuri, ya tatu nikababaika nikaanza kueleza vijinyoya 🙈 mjomba akaniuliza vinaota tena kama nywele? Nikasema ndiyo, kwa watu wazima wengi vinachukua zaidi ya miaka miwili. Akasema basi tusivisumbue. Hicho ndo kitu cha kwanza cha maana ndugu yangu yeyote kasema kuhusu huu ugonjwa. Shangazi bado, tunampa muda.

Sasa mdogo wangu kakubali kupima ila kuna tatizo, ni mtu wa huruma sana, toka nigundulike naye ameacha ngano ili tuwe sawa. Akienda hivyo hivyo itakuwaje? Na swali la mwisho, mimi ni Mkatoliki, sijakomunika muda mrefu sasa kwa sababu ya hostia, ule mkate mwembamba wa ngano wa komunyo. Kuna anayejua inafanyikaje?

---

Kingamwili_Juu:

Asiende hivyo! Vipimo vyote, vya damu na vya kamera, vinasoma mwili unavyopigana na gluteni. Asipoila mwili unatulia, majibu yanatoka safi na yeye anarudi nyumbani na ugonjwa wake akidhani hana. Aongee na daktari kwanza, lakini kwa mfano mwongozo wa Uingereza unataka mtu awe amekula gluteni kila siku, kwenye zaidi ya mlo mmoja, kwa angalau wiki 6 kabla ya kupima. Akianza kuumwa sana asivumilie kishujaa, amwambie daktari wapange upya. Au aanze na kile cha vinasaba, kile hakijali umekula nini.

Na aombe wapime IgA ya jumla (IgA ni aina moja ya kingamwili) pamoja na ile ya siliaki (tTG-IgA). Kuna watu miili yao haitengenezi IgA ya kutosha, hao kipimo cha kawaida kinawaambia hawana wakati wanayo. Kwenye siliaki hao ni wengi kuliko kwa watu wa kawaida.

Mwambie huruma yake tumeiona ila arudi kwenye mkate kwa sasa.

---

MamaK_BilaNgano:

Hostia: zile za mchele au mahindi zisizo na gluteni kabisa Kanisa halizikubali, Vatikani ilirudia hilo kwa barua ya 2017, lazima iwe ya ngano. Lakini zenye gluteni kidogo sana zinakubalika, ni ngano iliyoondolewa karibu gluteni yote, na zipo zinazopimwa chini ya ile miligramu 20 kwa kilo. Njia nyingine ni kupokea divai peke yake, nayo ni komunyo kamili, ila iwe kikombe ambacho hakijadondoshewa kipande cha hostia na hawajakinywea watu waliokwisha kula hostia. Mfuate padri kabla ya misa sio wakati wa misa, mpe na karatasi ya daktari, na hostia yako iwekwe kwenye chombo chake na mfuniko wake maana mkono ule ule unaogawa za wengine ndo utakaoshika yako. Mwenzetu mmoja padri alimshangaa mwanzoni, sasa parokia ina watu wanne wanaopokea hivyo, watatu walikuwa wamekaa kimya miaka yote.

Nimekutumia meseji. Nataka tuwashe kamera tuangalie hiyo siagi, niambie siku gani uko nyumbani, na shangazi akiwepo sio mbaya.